Tabora: tunataka kuikosoa jumuiya ya dini hadharani, tuanzie wapi?

Kiloleni_Juu
Wakuu, salaam. Kuna jumuiya ya dini hapa mkoani (siitaji, nanyi msiitaje) inayoendesha hospitali na ina eneo kubwa lisilojengwa. Vijana wa mtaa wameandika waraka wa kusoma kwenye mkutano wa hadhara na kupeleka redio. Hoja zao: wajawazito wanatozwa ilhali serikali inasema ni bure, sadaka haijulikani inakokwenda, spika zinapigwa hadi usiku wa manane, na kwamba "hawajaufanyia mkoa huu chochote". Kipi kibaki, kipi kifutwe?

Karani_wa_Afya
Mkuu, hoja ya hospitali ndiyo yenye mashiko, lakini mlivyoiandika itawaponyoka mapema. Msamaha wa wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo ni sera ya vituo vya umma. Hospitali ya dini inabanwa nao pale ilipotia saini mkataba wa huduma na halmashauri, tena kwa huduma zilizoorodheshwa humo tu. Mkataba unaweza kutaja kujifungua na kuacha ultrasaundi, na mama akailipia kihalali kabisa.

Kwa hiyo anzeni kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, si getini kwa hospitali. Ulizeni mkataba upo na unaisha lini, halmashauri inalipa kiasi gani kwa kila huduma, na imelipa mpaka mwezi gani. Hili la mwisho ndilo watu hulisahau. Malipo yakichelewa, hospitali inaishiwa glavu na dripu, inarudisha tozo ya dirishani kimyakimya, na lawama zote zinaangukia viongozi wa dini. Hapo wenye kosa ni wawili, na waraka wenu umemtaja mmoja.

Kisha stakabadhi. Kusanyeni kumi au kumi na tano za huduma ileile, za miezi ileile. Kila moja isomeni mstari kwa mstari: kumwona daktari, maabara, dawa, kitanda. Za wenye bima wekeni kando, bei yake si ya dirishani. Aliyejifungua kwa upasuaji msimlinganishe na wa kawaida. Isiyo na tarehe au mhuri itupeni, na majina ya wagonjwa yafuteni kabla hamjamwonyesha mtu.

Jambo jingine: hesabuni watumishi wenye cheki namba. Hao wanalipwa na Hazina hata kama wanavaa beji ya hospitali ya dini. Wasio nayo ndio mzigo wa jumuiya yenyewe. Msipotenganisha, wao watajisifia kisicho chao, nanyi mtawanyima kilicho chao.

Na msiyaingize makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa. Huo si mkataba wa hospitali yenu, na ukitajwa tu mkutano utageuka Waislamu na Wakristo.

Sheria_Mkononi
Naongezea njia ya kuzipata hizo karatasi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inazigusa pia taasisi binafsi zilizosajiliwa zinazotumia fedha za umma. Raia aandike barua kwa jina lake na ataje nyaraka yenyewe: "mkataba wa huduma unaotumika sasa na kumbukumbu za malipo ya mwaka wa fedha uliopita". Ukiomba "taarifa zote" unawapa sababu ya kukukwepa. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, maana siku 30 za kujibiwa zinahesabiwa kuanzia hapo.

Sadaka futeni. Ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Muumini anaweza kudai hesabu kwenye vikao vyao. Mpita njia hana mlango huo.

Lugha nayo ipunguzeni makali. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu maneno yanayokusudiwa kuumiza hisia za dini, na mkirusha mtandaoni kuna kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, taarifa za uongo. "Wanaabudu pesa" iondoke. "Ametozwa kiasi hiki, tarehe hii, kwa huduma iliyomo kwenye mkataba" ibaki. Polisi wapewe taarifa ya mkutano kwa maandishi, saa 48 kabla.

Spika: andikeni tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza kwa wiki mbili, mpeleke serikali ya mtaa, wakishindwa NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Programu ya simu ya kupima kelele msiitegemee, kila simu inasoma yake.

MwanaUjiji
Hiyo "hawajafanya chochote" itawaua. Wamisionari wa Afrika (wale mapadre wa Kikatoliki, White Fathers) walifika Tabora 1878 na Ujiji 1879. Hospitali ya Nkinga ni ya Wapentekoste, ya Sikonge ya Wamoraviani, za Ndala na Kabanga (hii iko huku Kigoma) za Wakatoliki. Na huku Ujiji Waislamu walishakuwepo kabla ya wamisionari hao. Tena mkihesabu shule zao za leo tu mtakuwa mmepunja, kwa sababu shule nyingi za dini zilichukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Atakayewajibu redioni ataanzia hapo, na stakabadhi zenu hakuna atakayezisikiliza. Ila nao wasijifiche nyuma ya 1878. Mama anayelipa dirishani leo hahusiki na msafara wa karne ya 19.

Kiloleni_Juu
Nashukuru sana wakuu. Sadaka na "chochote" vimeshafutwa. Na lile eneo?

Sheria_Mkononi
Pata namba ya kiwanja na kitalu ofisi ya ardhi ya manispaa, kisha omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani uangaliziwe hati ni ya nani na ina masharti gani. Usitafute jina la kiongozi wao. Hati kwa kawaida huwa ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Soma sharti la uendelezaji na muda wake. Muda ukiwa haujaisha, hoja hiyo nayo itoeni.