Mtoto kujilisha mwenyewe: mlianzaje? Tupeane uzoefu, wazazi wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Mama wa Free Area, Nakuru

Wazazi wenzangu, hamjambo. Saa ya kula kwangu imekuwa saa ya vilio, vya mtoto na vyangu, ndiyo maana naomba mnisimulie yaliyowapata.

Kijana wangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Mpaka juzi alikula kwa njia moja tu: katuni kwenye simu ya dada wa kazi, macho yanaganda, mdomo unaachama, dada anapitisha kijiko. Chaji ikiisha, na kula kumeisha. Jumapili nikiwa nyumbani ni kukimbizana naye kwenye ploti nikiwa na bakuli la uji. Kliniki nako uzito wake umesimama miezi miwili, na ile chati kwenye kitabu cha mama na mtoto naona uchungu hata kuifungua.

Jumamosi nilichemsha waru (viazi) na karoti za kuponda. Simu ya dada ilikuwa kwa fundi. Niligeuka kuchota maji, kurudi nakuta ameokota kipande cha waru kwenye sinia, amekifinya mpaka kinachomoza katikati ya vidole, analamba. Sikusema neno. Nikamsogezea kingine. Alikula vipande vinne na karoti moja, hivyo vingine vikaishia kichwani na sakafuni. Hakuna aliyemlazimisha. Nilikaa pale kwenye mkeka machozi yakanitoka.

Sasa semeni na mimi. Mlimpa nini cha kwanza? Na wakubwa wa nyumbani mliwaelezaje? Mama mkwe anakuja Krismasi, na kwake chakula hakichezewi.

Nyar Dunga, Kisumu

Pole dada yangu, na hongera kwa hivyo vipande vinne.

Mimi nilidhani binti yangu hali, kumbe alikuwa ameshakula. Asubuhi uji. Saa nne chai ya maziwa na andazi. Saa sita chakula chenyewe kikija anageuza uso, na tumbo la umri huo ni dogo. Alipopimwa damu ikaonekana iko chini, swali la kwanza la muuguzi lilikuwa: anakunywa chai? Akanieleza kwamba majani ya chai yanauzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye chakula, kwa hivyo yale maharagwe niliyokuwa nampa nusu yalikuwa yanapotea. Chai niliikata siku hiyo hiyo. Kunyonya nikaendelea, kwa sababu tunashauriwa tufike miaka miwili au zaidi, ila sasa titi linakuja baada ya chakula.

Halafu nikatoka kwenye uji wa kila saa. Uji mtoto hawezi kuushika. Ugali anaushika. Namfinyangia tonge refu kama kidole, ili akilifumbata kwenye ngumi kichwa kitokeze nje aone pa kuuma. Tonge la mviringo linapotelea kiganjani, anabaki kuhangaika nalo.

Omena ndiyo ilimfungua kabisa. Naiosha kwa maji moto mara tatu mchanga utoke, natoa vichwa maana vina uchungu, naipika na nyanya nyingi mpaka iwe laini, naikatakata. Anaokota kipande kimoja kimoja kwa kidole gumba na cha shahada, ametulia kama mtu anayechambua mchele. Vifupa vyake vinalika na ndivyo vyenye kalsiamu. Ngege (tilapia) namheshimu zaidi: nachambua nyama ya mgongoni kwa vidole vyangu, naisogeza kwenye mwanga, kisha nachambua tena. Hiyo kazi sijawahi kumwachia mtu.

Baba wa wawili, Bungoma

Kwetu vita havikuwa juu ya chakula, vilikuwa juu ya mkono.

Mwanangu wa pili alipoanza kuokota chakula akiwa na miezi tisa, alikuwa anachukua kwa wa kushoto mara nyingi kuliko wa kulia. Kukhu wake, mama yangu, alikuwa anampiga kidogo kwenye kile kiganja na kusema, “Huo si wa kulia chakula.” Hakumuumiza. Lakini baada ya wiki hivi mtoto akaacha kuokota kabisa. Alikuwa anakaa mbele ya sahani mikono iko mapajani, anangoja kulishwa. Mimi ndiye humpa chakula cha jioni, mke wangu hufunga duka saa mbili, kwa hivyo nililiona hilo kila siku na lilinichoma.

Kubishana na mama sikuweza, na sikutaka. Nilikaa naye nikamwambia: mama, mtoto wa umri huu bado anabadilisha mikono, wengi mpaka miaka miwili, mitatu na zaidi. Tumwache kwanza apende kula, adabu ya mkono tutamfundisha akijua maneno. Alinyamaza. Kesho yake akaja na shauri lake mwenyewe: tumwekee chakula upande wa kulia wa sahani, na tumuoshe mikono yote miwili kwa sabuni. Hapo tulielewana. Ana miaka mitatu sasa, anakula kwa wa kulia akiwa na wageni na kwa wa kushoto tukiwa sisi. Mimi sijali. Anakula.

Dada wa Nakuru, ukimngoja mama mkwe afike aone sakafu imechafuka, umechelewa. Mpigie sasa. Muulize yeye aliwalishaje wake.

Mama wa Pipeline, Nakuru

Nasoma na moyo unanidunda. Wangu akiwa na mwaka na miezi miwili binamu yake alimpa njugu karanga, ikamkwama. Alipona, jirani alimgonga mgongoni ikatoka. Tangu hapo nasaga kila kitu mpaka kiwe maji. Sasa anakaribia miaka miwili na akikuta punje ya wali kwenye supu anatapika. Najua nimekosea lakini nafanyaje na hofu?

Mkunga mstaafu, Kakamega

Binti yangu, hukukosea, uliogopa. Ngoja nikwambie nilichowafundisha akina mama miaka mingi.

Kupaliwa kuko kwa aina mbili. Mtoto anayekohoa, uso mwekundu, anatoa sauti na kusukuma chakula kwa ulimi, huyo mwili wake unafanya kazi. Kaa naye, usimwingize kidole. Anayenyamaza, hakohoi, hawezi kulia, midomo inaanza kuwa ya samawati, huyo hewa haipiti. Aliye chini ya mwaka mmoja unamlaza kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kikiwa chini, unampiga mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Haikutoka, unamgeuza chali na kumbonyeza katikati ya kifua mara 5. Aliyepita mwaka, baada ya yale mapigo 5 ya mgongo unasimama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, unavuta kwa ndani na juu mara 5. Unarudia hivyo huku mtu akitafuta gari. Kidole usichokoe kama huoni kitu, utakisukuma ndani zaidi. Hata kikitoka, mpeleke aangaliwe. Na mwombe muuguzi wa kliniki yako akuonyeshe kwa mikono, maneno peke yake hayatoshi.

Njugu nzima, mahindi ya githeri, bisi, peremende, zabibu nzima: hivyo ngoja akue. Njugu iliyosagwa laini ikapakwa nyembamba kwenye ndizi haina shida hiyo. Mtoto akae wima, asile akikimbia, na awe na mtu mzima karibu.

Wako usimrukishe kutoka supu hadi nyama. Wiki hii ponda kwa uma badala ya kusaga. Wiki ijayo acha vibonge laini. Chakula kigeni anaweza kukikataa mara 8, mara 10, kisha siku moja akakila. Wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu.

Wewe wa Free Area, neno moja zito. Kumwachia mtoto ajilishe haina maana ya kumwachia tu. Miezi miwili bila kuongezeka uzito, mrudishe kliniki apimwe na mkono wa juu kwa ule utepe. Ukisoma chini ya sentimita 12.5, hiyo si nongwa ya chakula tena, anahitaji matibabu. Mwulizie pia matone ya vitamini A, ni kila miezi sita mpaka atimize miaka mitano, na dawa ya minyoo.

Mama wa Mbale, Vihiga

Naongeza viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Ile rangi ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na mafuta kidogo au kipande cha avokado huisaidia iingie. Vikichemshwa na maganda havilowi, mtoto anashika vizuri.

Na mrenda, ile mboga ya kuteleza! Kwa kijiko utamtesa, unavutika mpaka kifuani. Mwache achovye tonge. Ila toa wake kabla hujatia munyu (maji ya majivu) na chumvi ya watu wazima.

Mama wa Free Area, Nakuru

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Mama mkunga, tulienda Jumanne. Utepe umesoma 13.6, uzito umepanda gramu 200, tunarudi baada ya wiki mbili. Asante kwa kunisukuma.

Jambo ambalo sikuwa nimeliona ni la dada. Nilimuuliza kwa upole kwa nini simu kila mara, akainama, akasema, “Mama, ukirudi jambo la kwanza unaangalia kama bakuli limeisha.” Ni kweli. Binti wa miaka ishirini nilikuwa nimembebesha hofu yangu, naye akatafuta njia ya kulimaliza lile bakuli.

Tumepanga upya. Mimi naacha chakula nimekichagua. Kazi yake ni kumnawisha, kumwekea, kukaa chini naye na kula chake pia, simu ikiwa chumbani. Mtoto akigeuza uso mara mbili tatu, anaondoa, bila lawama, na saa kumi anampa ndizi au maziwa ya mala.

Leo alinipigia saa saba. Nusu yai, vidole viwili vya ugali, managu (mnavu) akayatema, sahani akaisukuma. Akaniuliza, “Nimwongeze?” Nikamwambia hapana, mnawishe tu.