Mercedes C200 au Toyota Crown: nalipia gari au nalipia nembo?

Mkadiriaji_Moro ameuliza:

Wakuu, habari za wakati huu. Natarajia kuagiza gari kutoka Japani, na baada ya kupekua matangazo kwa muda mrefu nimebakiwa na mawili: Mercedes-Benz C200 na Toyota Crown Athlete yenye injini ya turbo ya lita 2, yote ya mwaka 2016. Nilitegemea Benz iwe juu sana kwa bei, lakini nyingi ninazoziona zimekaribiana mno na Crown, na hilo limenitia mashaka badala ya kunifurahisha. Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi. Nakwenda Dodoma mara kwa mara kuonana na wateja, tena aghalabu narudi usiku. Mume wangu anataka Crown. Wenzangu ofisini wanadai kwamba mtu anayekadiria majengo ya mabilioni hawezi kushuka kwenye Toyota mbele ya mteja. Naomba hoja zenye hesabu ndani yake, ushabiki tuuache kwenye mpira.

Mhasibu wa Mikocheni:

Dada, mashaka yako yana msingi. Kule Japani kila gari binafsi hupitia ukaguzi wa lazima uitwao shaken, wa kwanza likiwa na miaka 3 na baadaye kila baada ya miaka 2, na gharama zake si za mchezo. Mwenye gari la Ulaya ambalo udhamini wa kiwandani umekwisha huona afadhali aliuze kabla ya ukaguzi unaofuata, na wenye fikra hiyo wakiwa wengi, bei ya mnadani huporomoka. Hapo ndipo sisi tunapoingia na kudhani tumeokota dhahabu. Tatizo ni kwamba kilichoshuka ni bei ya gari tu: taa ya mbele, kompyuta ya gia boksi au kioo cha pembeni chenye kamera huuzwa kwa bei ile ile ya wakati gari lilipokuwa jipya, kwa sababu kiwanda hakina habari kwamba wewe ulinunua mtumba.

Upande wa ushuru, nembo yenyewe haina kiwango chake. Injini zote mbili hazifiki cc 2000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni 5%, juu ya ushuru wa forodha wa 25%, na VAT ni 18%. Angalia zaidi umri: gari dogo lenye miaka 8 hadi 10 huongezewa 15%, na likivuka miaka 10 nyongeza hiyo inakuwa 30%. Ingiza magari yote mawili kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla hujazungumza na muuzaji yeyote, maana thamani wanayoikadiria wao inaweza kutofautiana na hiyo uliyoiona kwenye tangazo.

Kuhusu hilo la heshima, kumbuka kwamba hadi mwaka 2005 jina la Lexus, nembo ya kifahari ya Toyota, halikuwa likitumika kwenye soko la Japani. Lexus IS ya Ulaya iliuzwa kule kama Toyota Altezza, na RX ikauzwa kama Harrier. Mzungu aliyelipia Lexus na kijana wa Sinza mwenye Harrier ya mwaka 1999 walikuwa wanaendesha gari moja. (Wenye Harrier za kuanzia mwisho wa 2013 wasichangamke: hiyo ilitenganishwa na RX.)

Wakili Msomi:

Naheshimu hesabu za ndugu Mhasibu, ila ameiacha safu moja ya mapato. Katika kazi zetu mteja mpya hana namna ya kupima ujuzi wako siku ya kwanza, kwa hiyo hupima anachokiona, kuanzia viatu hadi gari. Tunaweza kusikitika, lakini ndivyo ilivyo. Tena si nembo peke yake: C-Class ya toleo hilo, ambayo C200 ni mojawapo, ilipata nyota 5 za Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, mwaka 2014, na ukikaa ndani kwa mwendo wa Dodoma hadi Morogoro mgongo wako utatambua fedha zilikokwenda.

Fundi wa Gerezani:

Mgongo utatambua ikiwa shokapu ni nzima, mheshimiwa wakili.

Dada, mimi hushika magari ya aina zote mbili na sina ugomvi na Benz. Ninachokuomba ni usinunue jina la C200 kwa ujumla, kwa kuwa zinatofautiana. Baadhi zilifungwa shokapu za hewa, zinazoitwa Airmatic, na nyingine zina springi za chuma za kawaida. Mfuko wa hewa wa shokapu hizo ukichoka, unaliacha gari barazani jioni likiwa limesimama sawa, na asubuhi unalikuta limelala upande mmoja kama punda aliyelemewa. Mwenye nalo akiendelea kuliendesha hivyo, kompresa hufanya kazi bila kupumzika hadi nayo iungue, na sasa bili ni mbili. Kwa barabara zetu, chagua lenye springi za chuma.

Jambo la pili ni matairi. Nyingi za gari hilo hutumia tairi gumu linaloweza kutembea kwa muda likiwa halina upepo, na ndiyo maana hazina tairi la akiba. Ukipata pancha Gairo saa 5 usiku, tairi hilo litakusogeza, lakini likipasuka ubavuni ni kusubiri gari la kuvuta. Crown pia si ya kubebea mawe, iko chini, ila bushi na pedi zake utazikuta hapa Gerezani au Kariakoo siku hiyo hiyo.

Mkadiriaji_Moro:

Nashukuruni nyote. Je, baada ya miaka 4 nikitaka kuuza, lipi litanirudishia zaidi?

Mama Yadi:

Crown, mdogo wangu, na itaondoka mapema. Anayekuja kuitazama Benz yenye umri huo huja na fundi wake mwenye kompyuta, na kila taa ya hitilafu inayoonekana anaikata kwenye bei. Mara nyingi anayeitaka Benz kwa ajili ya heshima anataka ya toleo jipya zaidi, si hiyo yako. Kama moyo bado uko kwa Benz, tenga kabisa fungu la matengenezo kabla ya kuagiza, na ukate bima kubwa. Kwa gari lolote kati ya hayo, mwambie muuzaji akutumie karatasi ya mnada, yaani ripoti ya wakaguzi wa mnadani kuhusu hali ya gari, si picha tu. Ukiona daraja limeandikwa R, gari hilo limewahi kugongwa na kutengenezwa, na anayekataa kukuonyesha karatasi hiyo usimtumie hata senti.