Hita ya trela haitoi maji moto: nitengeneze, nibadilishe au nihamie jua?

MlinziMayungu
Asalaam alaykum wenzangu. Natunza ploti ya wageni upande wa Mayungu, Malindi. Humo mna trela ya kulala ya Kimarekani aliyoileta tajiri wangu, yenye jiko, choo na shawa. Hita yake ina tangi la lita 23 hivi na inatumia gesi au umeme. Imekaa bila mtu tangu kaskazi. Sasa kusi limeingia, asubuhi kuna baridi, wageni wanataka maji moto na hayatoki. Gesi nikiwasha inalia tik tik tik, inanyamaza, kisha taa nyekundu inawaka. Umeme nao kimya.

Ushauri nimepewa wa namna nne na kila mtu anashikilia wake: tutengeneze hiyo hiyo, tutie elementi (koili ya umeme ya kupashia maji) ya volti 240 tuachane na gesi, tufunge hita ya gesi ya papo hapo ukutani mwa shawa, au tuweke tangi la jua nje. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Mwenye kujua anilinganishie kabla pesa haijatoka.

FundiMaweni
Waalaykum salaam mdogo wangu. Usinunue kitu bado. Kwanza ujue kama tangi lina moto au halina, maana hapo ndipo njia zinapoachana. Ubavuni kwa nje kuna kifuniko cha bati. Kifungue, utaiona vali ya usalama yenye kijikono. Isogezee mkono bila kuishika. Ukisikia joto, hita inafanya kazi na shida iko kwenye mabomba. Ikiwa baridi, hita yenyewe haichomi.

Tuanze na mabomba, kwa sababu wengi huyaruka. Trela hizi zimeundwa kwa nchi za theluji. Wenyewe majira ya baridi hulimwaga tangi lote, wakageuza vali ili dawa ya kuzuia barafu ipite kwenye mabomba bila kuingia kwenye hita. Trela ikisafirishwa hivyo, vali hufika Malindi zilivyogeuzwa, na huku kwetu mtu hana sababu ya kuzijua. Zitafute nyuma ya hita kwa ndani, mara nyingi chini ya kitanda au ndani ya kabati. Ukizikuta tatu, ya maji baridi yanayoingia iwe wazi, ya maji moto yanayotoka iwe wazi, na ile ya katikati inayounganisha mabomba mawili ifungwe. Mkono wa vali ukilala sambamba na bomba, vali iko wazi. Ukilikatiza bomba, imefungwa.

Tazama na shawa ya nje kama ipo. Vishikio vyake viwili vikiachwa wazi na maji yakazuiwa kwenye kichwa tu, baridi huvuka upande wa moto, na ndani unapata vuguvugu siku zote.

Sasa gesi. Tik tik hiyo ni kiwashio. Mwale wa moto usiposhika, bodi ya umeme inayoiongoza hita hufunga gesi na kuwasha taa nyekundu, ndivyo inavyotakiwa. Washa jiko la ndani kwanza mpaka lishike vizuri, ili hewa iliyoingia kwenye bomba la gesi itoke. Pima betri pia, maana bodi ni ya volti 12, na betri ikichoka vali ya gesi haifunguki hata kama cheche unaziona. Halafu funga mtungi, vua mrija wa kichomeo uchungulie ndani. Nyigu wa udongo na buibui wanaipenda sana mirija ile trela ikikaa. Mrija usafishe kwa brashi, lakini kile kitundu kidogo cha gesi usikichokoe kwa waya. Ukikipanua, mwale unakuwa wa manjano wenye masizi.

Na mtungi wako una regyuleta ya aina gani? Hita hizi zinataka shinikizo dogo, kama milibari 28 hivi. Usiunge kwenye mtungi usio na regyuleta.

UmemeBarani
Mimi naogopa upande wa umeme. Huyo aliyeunga trela aliunga vipi? Vifaa vya Kimarekani ni vya volti 120. Elementi ya kawaida ya hita hizo ni wati 1440, upinzani wake omu 10. Ukiipa volti 240 ya kwetu inavuta ampea 24 na kutoa wati 5760, yaani mara nne, na haichukui muda inakatika.

Zima umeme kwenye breka, hakikisha kwa tesita, chomoa nyaya zote mbili za elementi, pima kwa mita. Ukipata karibu omu 10, iko hai. Mita isiposoma kitu, imekatika. Kisha weka ncha moja kwenye skrubu ya elementi na nyingine kwenye mwili wa tangi. Hapo mita isisome chochote. Ikisoma, umeme unavuja kwenye maji ya kuogea, na nakuomba usimruhusu mtu yeyote aiwashe.

Kuhusu kubadilisha: elementi ya volti 240 ya wati 1500 inavuta ampea 6 na kidogo, nyaya hazitalalamika. Lakini themostati, swichi na breka navyo lazima viwe vimeandikwa kuwa vinahimili 240. Wengi hubadilisha elementi peke yake wakaviacha vya zamani. Mimi ningechukua transfoma ya kushusha hadi 120, kwa kuwa na vifaa vingine ndani ya trela vinaihitaji. Gharama ya kuchemsha si ya kutisha: lita 23 kutoka nyuzi 27 hadi 60 ni kama uniti 0.9 ya tokeni, dakika 40 hivi.

BintiShella
Kaka, hilo wazo la hita ya gesi ya papo hapo ndani ya shawa ya trela liondoe kabisa kwenye orodha. Trela ni chumba kidogo, na mgeni akioga hufunga kila dirisha. Gesi ikiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, akalegea, akaanguka. Hita ya trela imefungwa kwa namna nyingine: inavuta hewa nje na kutoa moshi nje, kupitia kile kifuniko cha ubavuni, ndiyo maana hakuna anayepaswa kukiziba. Kama tajiri wako ameipenda sana ya papo hapo, ifungwe nje kabisa chini ya kipaa, maji yaingie kwa bomba.

MwanaGanda
Na shawa ya umeme ya kichwani, ile ya majumbani? Ni rahisi na haina tangi.

UmemeBarani
Kwa nyumba sawa, na kwa maji ya kisima ununue ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, maana koili ya kawaida iko uchi ndani ya maji na chumvi inapitisha umeme. Lakini inakula wati 5000 hivi. Waya unaolisha trela haukupangiwa mzigo huo.

JuaKwetu
Natetea jua, ila kwa sharti. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua tunalo. Tangi la lita 150 likijaa ni kilo 150 za maji peke yake, kwa hiyo paa la trela silo mahali pake. Jenga stendi kando, paneli itazame kaskazini na iinamishwe kidogo, tangi likae juu ya paneli ili maji moto yapande yenyewe. Kwa chumvi yenu, chagua lile ambalo maji ya kuogea hayapiti ndani ya paneli. Siku za mvua za masika utahitaji elementi ya akiba. Ikiwa trela haihami na mnafikiria kuongeza vyumba, linalipa. Kwa trela moja yenye wageni wa mara moja moja, tengeneza uliyonayo.

MzeeNgala
Mwanangu, chumvi ndiyo itakayoamua hita hii idumu au isidumu. Angalia jina. Matangi ya Suburban ni ya chuma yaliyopakwa kauri kwa ndani, na yana fimbo ya anodi inayoliwa badala ya tangi. Ya Atwood ni ya alumini, hayana fimbo hiyo. Kama ni Suburban, zima kila kitu, acha ipoe, funga pampu, punguza shinikizo kwa kufungua bomba la moto, ndipo ufungue nati kubwa ya chini. Soketi ya milimita 27 inaingia vizuri. Simama pembeni, maji yatatoka kwa nguvu pamoja na ukoko mweupe. Fimbo ikiwa imebaki waya na vipande, badilisha. Kwa maji ya kisima iangalie mara kwa mara, usingoje mwaka.

MlinziMayungu
Nimerudi, nawashukuru sana. Tangi lilikuwa baridi. Vali nimezikuta chini ya kitanda: ya katikati wazi, mbili za kando zimefungwa, yaani zimegeuzwa kama Ami FundiMaweni alivyohisi. Kwenye mrija wa kichomeo kulikuwa na tope kavu la nyigu, limejaa nusu. Nimelitoa, na gesi sasa inashika, mwale wa buluu. Elementi haisomi kitu. Ni Suburban, fimbo imebaki kama kijiti. Tajiri amekubali anodi mpya, elementi ya 120 na transfoma. Jua tutalizungumza akijenga vyumba. Elementi ikifika, naanzaje ili isiungue tena?

FundiMaweni
Tepi ya nyuzi kwenye anodi kidogo tu, isifunike yote, maana lazima iguse chuma cha tangi. Kaza elementi pamoja na mpira wake mpya wa kuzuia kuvuja. Fungua maji, kisha fungua bomba la moto jikoni uliache. Litatoa hewa kwa vishindo, halafu maji na hewa, halafu maji matupu. Liache dakika kadhaa zaidi, kagua kama nati inavuja, ndipo uwashe breka, maana elementi ikiwashwa tangi likiwa tupu huungua.