Mvua haikatiki Manchester, viazi nipande au ningoje?

Wadau salaam, nina kijishamba cha kukodi cha kaunsili hapa Manchester, udongo mfinyanzi, Aprili hii mvua haikatiki yani ukikanyaga buti linabaki humohumo, na mbegu za viazi zishachipua ndani, nifukie tu?

— Usifukie mzee, vitaoza. Chukua udongo uuminye, ukishikamana kama tonge la ugali subiri kwanza. Na usiukanyage, weka ubao upite juu yake.

— Mi napandaga kwenye ndoo nimezitoboa chini, sina stresi. Sukuma wiki nayo otesha kwenye trei dirishani, ukiitoa ikiwa changa konokono wanaimaliza usiku mmoja.

— Vidonge vya kuua konokono vya metaldehaidi (aina ya sumu) vilipigwa marufuku hapa Uingereza 2022, tumia vya fosfeti ya chuma. Au toka na tochi usiku uwaokote, majirani watakushangaa lkn inasaidia 😂