Uvimbe kwenye figo: matundu, roboti au sindano ya kugandisha?

Mtoto_wa_Pili: Habari zenu wakuu. Mama yetu amekutwa na uvimbe kwenye figo ya kushoto, hakuwa na dalili yoyote, alienda kupiga ultrasaundi ya nyongo ndo ukaonekana. Tumepewa njia tatu, upasuaji wa matundu madogo tumboni kwa kamera, wa roboti, au achomwe sindano ya kuugandisha kwa baridi kali asipasuliwe kabisa. Alhamisi tunatakiwa tuwe na jibu. Mngekuwa nyie?

Kichuguu: Pole sana ndugu, ila hujasema kitu. Uvimbe sentimita ngapi? Uko pembeni au katikati karibu na mishipa? Mama umri gani, kreatini (kile kipimo cha damu cha kazi ya figo) ikoje, figo ya kulia nzima?

Mtoto_wa_Pili: Samahani, haraka. Miaka 67, ana presha, sentimita 3.4. Ya kulia iko vizuri. Ulipokaa sijui, majibu anayo kaka.

Salha_N: Roboti. Mume wangu alifanyiwa hiyo. Wakati wa kukata uvimbe wanaubana mshipa damu isipite, na figo haivumilii kukaa bila damu, wanajitahidi isivuke dakika 25 hivi, sasa humo humo wakate na washone, kwa vile vyuma virefu vya kawaida ni kazi kweli, roboti kiganja chake kinageuka. Siku ya pili alikuwa anatembea koridoni kashika mfuko wa mkojo mkononi.

Kichuguu: Dada, roboti haipasui yenyewe, ni mikono ya daktari. Figo ya kwanza kutolewa kwa matundu ilikuwa 1990, roboti hizi hazipo. Muulizeni kafanya wangapi.

Bwana_Kisima: Mnabishana vyuma, muulizeni kwanza anatoa uvimbe peke yake au figo nzima!! Wangu ulikuwa sentimita 3 tu. Nikaambiwa kwa matundu, utarudi nyumbani mapema, nikafurahi nikasaini. Nimezinduka kwenye nusu kaputi bega la kulia linauma kuliko tumbo, nikadhani wameniangusha, kumbe ni ile gesi wanayojaza tumboni. Hilo lilipita. Wiki tatu baadaye majibu ya maabara yakaja, uvimbe haukuwa kansa. Na figo imeshaenda yote. Mpaka leo kila nikipima kreatini mkono unatetemeka kufungua karatasi. Hakuna aliyeniambia kwamba uvimbe mdogo hivyo mara nyingi unakatwa peke yake, wala kwamba kuna kuchukua kinyama wakapime kabla.

Mwanahawa77: Pole sana kaka. Ila kinyama hapana, ukiudungua kansa inasambaa.

Salha_N: Si kweli mpenzi, kusambaa kwa njia hiyo ni nadra sana, sindano inapitishwa ndani ya mrija. Tatizo lake ni kwamba wakati mwingine majibu hayaeleweki.

Mwanahawa77: Shangazi yangu alidunguliwa, haukupita mwaka.

Kichuguu: Ya figo?

Mwanahawa77: Ya ini.

Bwana_Kisima: Hivi mumeo na yeye bega lilimuuma @Salha_N?

Salha_N: Siku mbili nzima. Gesi inakera kiwambo cha chini ya mapafu, maumivu yanasikika begani. Tulimtembeza tembeza ikaisha.

Mtoto_wa_Pili: Kaka katuma picha ya majibu. Uko katikati, unagusa mishipa mikubwa.

Kichuguu: Hapo sindano inakuwa na mashaka, damu ya moto ya ule mshipa inapunguza ubaridi, kipande cha uvimbe kinaweza kubaki hai. Na pa kukata na kushona napo pagumu. Ndo maana nilikuuliza mwanzo.

Mtoto_wa_Pili: Nimemsomea mama haya yote. Kasema mbona hakuna aliyemwambia kama anaweza kusubiri miezi sita apigwe picha nyingine waone kama unakua. Hilo hatukulipata kwenye zile tatu. Kuna aliyesubiri humu?

Mwanahawa77: Mimi nafuatilia hapa.