Kikundi cha ukoo: wiki ya herufi s

JUMAPILI USIKU

Rehema Mama Nasra: Shikamoo mama, shikamoo baba. Wifi, shemeji, habari za huko. Mwalimu wa darasa la Nasra ameshatuma ya wiki hii, nawawekea kama mama alivyoagiza:

"Wazazi wa Darasa la Kwanza A. KUSOMA: sauti ya herufi s. KUANDIKA: kuumba herufi s. KUHESABU: kujumlisha, jumla isizidi 9. Kila mtoto aje na vizibo 10 vya soda na vijiti 10. Jumatano ufagio wa chelewa. Na penseli jamani, watoto wanakuja mikono mitupu."

Bibi Korogwe: Marahaba mwanangu. S ni herufi tamu kufundisha, inalia kama nyoka. Vizibo vioshe, halafu ugonge zile kingo kwa jiwe zilale, zinakata vidole. Penseli ikate vipande viwili, mpe kimoja. Akipoteza, umepoteza nusu.

Rehema Mama Nasra: Hahaa mama, wiki iliyopita amepoteza tatu nzima. Anasema "nimemuazima Jamila". Huyo Jamila sasa atafungua duka.

Idi: Shem vizibo vipo hapa kibandani kibao. Ila kuvituma kutoka Tanga hadi Mbagala, nauli inazidi soda yenyewe

Babu: JEMBE LANGU DOGO NANI KALICHUKUA

Idi: Baba hilo herufi kubwa bonyeza kile kimshale kilichopo kushoto

Babu: NIMEULIZA JEMBE

JUMATATU

Hamisi Baba Nasra: Leo nimempeleka mimi. Mvua, tope, daladala zimejaa, nimembeba mgongoni toka kituoni ili soksi zisichafuke. Kufika getini akaniambia nimshushe mbali, wenzake wasimuone 😂 Miaka sita!

Shangazi Mwanaidi: Haya ndiyo mambo. Darasani wako wangapi sasa?

Hamisi Baba Nasra: 94. Dawati moja wanakaa watatu, wanne wakibanana. Na hao ni wa zamu ya asubuhi tu, wakitoka saa 5 na nusu wanaingia wengine.

Shangazi Mwanaidi: Mh. Mwalimu mmoja?

Hamisi Baba Nasra: Mmoja. Na sauti haimkauki, sijui anakunywa nini.

Bibi Korogwe: Asali na tangawizi. Na kipindi cha la kwanza ni dakika 30, sio 40 kama za wakubwa. Unaimba nao, unawasimamisha, wanaandika s hewani kwa kidole, unawakalisha, kengele imelia.

JUMANNE

Hamisi Baba Nasra: [Video]
Mama sikiliza mjukuu wako anavyoteleza! Ukurasa mzima bila kusita hata mara moja

Idi: 🔥🔥🔥 Profesa

Shangazi Mwanaidi: Mashaallah! Na kidole anakipeleka kabisa

Bibi Korogwe: Hongera zake. Hamisi, funika ile picha ya kuku kwa kiganja. Halafu mwambie aanze na neno la mwisho kabisa, apande kurudi juu.

Hamisi Baba Nasra: Kwani mama hujamsikia? Si kasoma

Bibi Korogwe: Fanya kwanza.

Rehema Mama Nasra: Mama.

Rehema Mama Nasra: Picha ilipofunikwa akanyamaza. Tukamwonyesha neno la mwisho, akasema "baba hii nimesahau inavyoanza". Baba yake ameenda kukaa nje.

Idi: 🙈

Bibi Korogwe: Ndiyo maana nikasema. Itazameni tena hiyo video bila kusikiliza sauti. Mdomo umefika "anakula", kidole bado kipo kwenye "kuku". Ameukariri ukurasa kama wimbo. Sio kosa lake na sio uvivu. Kukariri watu 94 wanapoimba pamoja ni rahisi kuliko kusoma, na mtoto mwenye kumbukumbu nzuri ndiye anayekuficha zaidi.

Shangazi Mwanaidi: Samahani wifi, naongea kwa upendo. Mimi ndio maana wangu nikampeleka English medium. Wako 25, wa la kwanza wanasoma vitabu vidogo tayari.

Rehema Mama Nasra: Wifi hela ya uji tu hapa inatutoa jasho. Hiyo ada ya milioni nitaitoa wapi?

Idi: Si elimu bila ada tangu 2016 jamani, uji tena wa nini

Rehema Mama Nasra: Ada hakuna shem, ni kweli. Sasa mtoto aliyeamka saa 11 alfajiri umkalishe mpaka saa 5 na nusu bila kitu tumboni? Sijalalamika uji. Nimejibu hiyo ya milioni.

Shangazi Mwanaidi: Basi yaishe, sikuwa na nia hiyo.

Bibi Korogwe: Mwanaidi, mpe huyo wako asome "ng'ombe anang'ang'ania nyasi" halafu uje utuambie. Simsemi vibaya, nakutania. Kila mtoto na mlima wake.

Shangazi Mwanaidi: Mama 😂😂 ametoka na "engombe"

Bibi Korogwe: Sasa nisikilizeni, naandika refu, Idi usinikatize.

Rehema, jana kwenye simu nilimsikia Nasra akisoma neno "mama". Alisema hivi: "em, a, em, a... ema-ema." Mkamcheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa sahihi kuliko ninyi. Kama hii ni "em" na hii ni "a", ukiziunganisha utapata nini? Ema! Mwalimu anamfundisha kwamba hii inalia mmm. Nyumbani kuna mtu anamfundisha kwamba inaitwa em. Mtoto amebeba vyote viwili kwenye begi moja.

Idi: Bibi wa watu usiniangalie mimi

Rehema Mama Nasra: Shem ni ule wimbo uliomtumia wa ei bii sii. Anauimba mpaka chooni

Idi: Nilitaka awahi Kiingereza!! Si siku hizi kinaanza la kwanza

Bibi Korogwe: Kinaanza la kwanza, ndiyo. Mtaala wa 2015 ulikuwa umekiweka la tatu. Lakini kina kipindi chake na mwalimu anajua atakiingiza lini. Wewe umekiingiza saa 2 usiku kitandani.

Na msidhani hili ni kosa la Kiingereza. Sisi wenyewe zamani tulisema a, be, che, de. Ukimwambia mtoto be na a, anakupa "bea". Ndiyo maana tukakimbilia kuimba ba be bi bo bu, tukaruka swali.

Mnajua mimi nilianza kazi 1977. Nilimaliza la saba mwaka uliotangulia, sijavaa hata viatu vizuri, nikapewa darasa. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo mwishoni mwa 1977 kila mtoto awe shuleni, na walimu hawakuwepo, basi tukachukuliwa sisi, tunafundisha huku tunafundishwa. Walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mlikuwa mnatucheka, "ualimu pasipo elimu". Haya. Nilikuwa na watoto 80 na ushee chini ya mwembe, wengine wana miaka 6 na wengine 11, wote la kwanza. Nikawaimbisha ba be bi bo bu mpaka ndege wa mwembe ule wakajua. Waliofunguka walifunguka wenyewe. Waliobaki nilikuwa nawakuta la nne bado wanaimba, ukimwandikia "bu" peke yake ubaoni inabidi aanze ba, be, bi, bo moyoni ndipo aifikie.

Hilo linaniuma mpaka leo. Wapo watu wazima hapa Korogwe nikipishana nao sokoni naangalia chini.

Shangazi Mwanaidi: Mama usiseme hivyo

Bibi Korogwe: Nasema. 2015 ilipokuja KKK, wakapunguza masomo ya la kwanza na la pili ili nguvu iende kusoma, kuandika na kuhesabu, nikaitwa semina nikiwa na miaka 38 kazini. Nikanuna. Kijana aliyeweza kuwa mwanangu ananifundisha kusema "mmm". Siku ya tatu akaandika ubaoni neno lisilokuwepo, "lemupa", akatuuliza kwa nini kila mmoja wetu ameweza kulisoma wakati hajawahi kuliona. Nikaelewa. Miaka mitano niliyobakiza kabla ya kustaafu 2020 nilifundisha vizuri kuliko ile yote ya nyuma.

Babu: ALIKUWA ANARUDI NYUMBANI ANALIA MMMM NIKADHANI TUMBO

Idi: 😂😂😂😂

Rehema Mama Nasra: Sasa tufanyeje mama? Kila mtu ameniambia lake. Jirani anasema tuisheni jioni.

Bibi Korogwe: Tuisheni ya nini, alale. Dakika kumi baada ya kula. Wimbo wa Idi upumzike. Usimuulize herufi inaitwaje, muulize inaliaje. Ssss na a, sa. Ssss na i, si. Akikosea usimpe jibu, nyamaza uhesabu mpaka kumi. Hapo ndipo Hamisi anashindwa, ana haraka kama kondakta.

Hamisi Baba Nasra: Nimesoma. Nimerudi ndani. Nakubali.

JUMATANO

Rehema Mama Nasra: [Picha]
Daftari la leo. Angalieni s zake, zote zimegeuka zinatazama kushoto. Mwalimu ameweka mkasi mwekundu mstari mzima.

Rehema Mama Nasra: *mkwaju. Aah simu hii. Mkato!

Idi: Mkwaju 😭

Bibi Korogwe: Kugeuza s kwa umri huo ni kawaida, hata 3 ataigeuza. Tandaza unga kidogo kwenye sinia, achore kwa kidole, s kubwa kama kiganja. Aanzie juu. Mkono ukizoea, penseli itafuata. Na usifute zile za kwenye daftari, mwalimu anataka kuona alikotoka.

Hamisi Baba Nasra: Unga wenyewe umepanda bei, wacha nitumie mchanga

Rehema Mama Nasra: Halafu ufagio wamempokea vizuri, ila amerudi na mwingine ambao sio wake, mzee kweli, chelewa zimebaki nane. Nimezihesabu na yeye, tukatoa tatu, zikabaki tano. Nimefanya ndiyo somo la hesabu.

Shangazi Mwanaidi: Wifi wewe ni mwalimu kabisa ❤️

ALHAMISI

Rehema Mama Nasra: Jamani jino limetoka! La mbele juu. Na jirani yake linacheza, sidhani kama litafika Jumamosi. Lilitokea kwenye andazi wakati wa mapumziko, amelifunga kwenye karatasi ya daftari amekuja nalo kama mshahara.

Babu: ALIRUSHE JUU YA BATI

Rehema Mama Nasra: Ameshalirusha baba. Limerudi mara mbili, la tatu likakaa. Ila wenzake wanamwita kibogoyo, amelia njia nzima.

Bibi Korogwe: Mwambie bibi yake ana matatu tu ya mbele na anakula mahindi ya kuchoma.

Hamisi Baba Nasra: Tatizo lingine mama. Wiki nzima ni ssss, na sasa hivi hewa yote inapita pale pengoni. Anasema "thhh". Nikimwambia sema sisi anasema "thithi". Mwalimu leo kamwambia arudie mara tatu mbele ya darasa. Nimekasirika nikataka kwenda.

Bibi Korogwe: Usiende kwa hasira. Mwenye watoto 94 hajaona bado kama jino limetoka. Andika kikaratasi cha heshima: "Mwalimu, Nasra ameng'oka jino la mbele jana, sauti ya s inamsumbua." Utaona.

Hamisi Baba Nasra: Sawa. Leo sio jana lakini

Bibi Korogwe: Atakisoma kesho, Hamisi.

IJUMAA

Hamisi Baba Nasra: Mwalimu kasoma kikaratasi, akacheka. Akawauliza darasa zima nani mwingine ana pengo, wakasimama kama 20. Akawapanga mbele wote waseme ssss kwa pamoja. Nasra anasema ilikuwa kama tairi la baiskeli.

Shangazi Mwanaidi: Nimempenda bure huyo mwalimu

Bibi Korogwe: Sasa kazi yangu. Rehema, andika maneno haya kwenye karatasi nyeupe, bila picha, kwa mpangilio huuhuu: sita, kaka, sumoki, sisi, masika. Asiyaone kabla. Halafu nirekodie sauti. Hamisi atoke nje.

Hamisi Baba Nasra: Mama 😒

Rehema Mama Nasra: Sumoki ndio nini mama?

Bibi Korogwe: Andika.

Rehema Mama Nasra: [Ujumbe wa sauti, dakika 2 na sekunde 41]
Mama samahani ni ndefu. Nawaandikia kilichomo kwa ambao hawana bando. La kwanza alikaa kimya nikahesabu mpaka saba. Kisha "thi... ta. Thita." Kaka akaisema haraka. La tatu akaliangalia, akaniangalia. Nikabana mdomo. "Thu." Akanyamaza tena. "Thu-mo." Akakuna kichwa. "Thu-mo-ki. Thumoki." Halafu akauliza "mama thumoki ni nini?" Sikujua nimjibu nini. Masika ilimshinda, akasema "matha" akachoka akataka maji. Thithi hajaisema kwa sababu anaona aibu na lile pengo. Kwa hiyo ni matatu kati ya matano. Wiki ijayo tutajitahidi.

Bibi Korogwe: Nimesikiliza mara nne. Masika atarudi nayo, usiiguse leo. Neno "sisi" liache mpaka jino liote.

Rehema, hiyo sumoki nimeitunga mimi nikiwa napepeta mchele. Haipo kitabuni, haipo kwenye wimbo, hajaisikia kwa mtu yeyote. Mwambie haina maana. Na mwambie bibi amesema ameisoma.

Hamisi Baba Nasra: Naweza kuingia sasa?

Babu: JEMBE LIMEPATIKANA LILIKUWA KWA JIRANI. SUMOKI NI NANI