Tupeane uzoefu: uliwahi kufungiwa ndani na mtu wako wa karibu aliyepandisha mashetani?

Mzee wa Nkuhungu
Wakuu, habari za usiku huu. Jana umeme uliporudi mwanangu akaweka tamthilia ya zamani ya Kimarekani, ya chombo kinachosafiri kati ya nyota. Sehemu yenyewe ni ya mwaka 1992. Maafisa wanashuka kwenye mwezi wenye dhoruba, radi zinawapiga, na watatu wanarudi chomboni siyo wao tena. Wamepandwa na viumbe wa huko. Wanajaribu kukiteka chombo, wanashindwa, wanajifungia kwenye ukumbi wa mapumziko pamoja na watu waliokuwemo. Mmoja wa hao waliopandwa ni fundi, na humo ndani yumo mkewe na mtoto wao mchanga.

Silaha zao hazikunishtua. Kilichonishtua ni yule mama anavyomtazama mumewe. Sura ile ile, mikono ile ile, lakini anaona kabisa kwamba aliye nyuma ya yale macho ni mwingine. Nikainuka nikatoka nje.

Nilikuwa na miaka tisa, tuko Bahi, mavuno ya mpunga. Kaka yangu mkubwa alitufungia ghalani, mimi na wadogo zangu wawili, akakaa mlangoni na panga mapajani toka adhuhuri mpaka jua linazama. Sauti haikuwa yake. Nyumbani hatujawahi kulizungumza tena.

Naomba waliopitia haya waseme. Nini kilimrudisha mtu wenu?

Chilonwa kwetu
Mbukwenyi wakuu. Haya mambo yapo. Nimeweka kambi hapa.

Binti Irangi
Mzee wangu, shikamoo. Umenigusa pabaya. Sijawahi kuandika humu, nasomaga tu, ila leo acha niandike.

Nilisoma shule ya bweni ya wasichana, upande wa milimani huko Mpwapwa. Shule siitaji. Nilikuwa kidato cha tatu na binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, tulikuwa darasa moja na deka moja, yeye juu mimi chini. Ilikuwa Oktoba. Waliokulia mkoa huu wanaijua Oktoba: upepo wa vumbi, mabomba makavu, ndoo moja ya maji watu wanne. Wiki ile usiku watu walikuwa hawalali, wanasema wanasikia mtu anachota maji nyuma ya bweni wakati maji yenyewe hakuna.

Jumatano baada ya prepo, wasichana watatu wakapandisha kwa mpigo. Wa tatu ni binamu yangu. Tulikuwa tumezoea mmoja mmoja, anaanguka, anashikwa, anafungwa kanga kiunoni, anapelekwa kwa matroni. Hawa hawakuanguka. Walinyamaza, wakatazamana kama watu wenye mpango, mmoja akaenda akafunga komeo. Wakasogeza matranka na vitanda mlangoni. Mimi na wenzangu kama arobaini tumo ndani, karibu nusu yao kidato cha kwanza. Binamu yangu akachomoa chini ya godoro dumu dogo la mafuta ya taa na kibiriti. Akamwaga kidogo sakafuni, akachuchumaa pale pale katikati.

Nikamwita jina. Akanigeukia akasema kwa sauti nzito, ya mtu mzima, "Huyo unayemwita hayupo."

Naomba nipumzike kidogo, nitaendelea.

Chilonwa kwetu
Dada usituache njiani tafadhali.

Mpenda Ushahidi
Poleni sana, ila tusitie mapepo kila mahali. Hii ni histeria ya kundi na nchi hii ndiyo yenye mfano unaosomwa dunia nzima. Kashasha, karibu na Bukoba, Januari 30 mwaka 1962. Shule ya bweni ya wasichana, kicheko kilianza kwa wasichana watatu. WATATU, kama hawa. Kikawakumba 95 kati ya 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Walimu hakikuwapata hata mmoja. Wasichana waliporudishwa makwao, kicheko kikazuka huko vijijini. Jini gani linachagua wanafunzi na kuruka walimu?

Ustadhi wa Kondoa
Majini yametajwa katika Qur'ani, ndugu yangu. Wewe hesabu zako za 95 na 159 hazimkani Mungu wala hazimthibitishi. Nimesoma ruqya, kile kisomo cha tiba, kwa watu na nimeona kwa macho yangu. Kama hujaona, kaa kimya usikilize.

Mpenda Ushahidi
Ustadhi, sijamkana Mungu. Nimesema ukimwita mtoto aliyechoka jini, utamchapa kama jini. Nimeona watoto wakichapwa viboko "pepo litoke". Hilo nalo nimeliona kwa macho yangu.

Ustadhi wa Kondoa
Hapo tuko pamoja. Anayechapa hajui dini.

Kijana wa Area C
Mnapoteza muda. Watu kama hao wanakaa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Dodoma, mnawapeleka moja kwa moja mlango unafunguliwa. Kwisha habari.

Mama Wawili
Kijana wa Area C, nasoma maneno yako huku mikono inatetemeka. Mume wangu ametibiwa Mirembe. Ni hospitali kama nyingine, na alitoka pale akiwa mtu.

Yule fundi wa kwenye tamthilia na mtoto wake, mimi ndiye yule mama. Tulikuwa tumepanga chumba Chang'ombe. Mume wangu alikaa siku nne bila kulala, anasema redio ya jirani inamtaja. Usiku wa nne nimeamka, kitanda cha mtoto kitupu. Yuko mlangoni, kambeba mtoto wa miezi mitano vizuri kabisa, kamweka kichwa begani kama anavyofanya siku zote, na mkono mwingine umeshika kisu. Akaniambia huyu mtoto ameletwa na wao na hatoki mtu. Nililia siku nyingi kwa sababu ya ile mikono iliyombeba vizuri. Mikono ilikuwa bado inamjua mtoto wake.

Majirani walitaka kuvunja mlango, nikawazuia kwa sauti. Nikakaa chini. Nikamwambia mtoto ana njaa, mlete anyonye, kisu baki nacho. Alisimama muda mrefu sana. Akamleta. Nikanyonyesha pale chini, yeye kasimama juu yetu na kisu, mpaka adhana ya alfajiri ikaita na yeye akachoka, akakaa.

Sasa ana dawa zake, anafanya kazi, mtoto yuko darasa la sita. Wewe unaandika "watu kama hao."

Kijana wa Area C
Mama, nisamehe. Nimekosa. Sikujua ninachokisema.

Nesi wa Zahanati
Mama Wawili, Mungu akutunze. Niongeze kama muuguzi. Mtu akibadilika ghafla, kabla ya kutafuta aliyemroga apimwe malaria. Malaria ikipanda kichwani mtu anapigana, hamtambui mama yake. Sukari ikishuka vilevile. Homa ya uti wa mgongo vilevile, na mjamzito mwenye presha juu anaweza kuanza na kuchanganyikiwa, kisha degedege. Nimepokea wagonjwa waliozungushwa kwa waganga siku tatu na kumbe ni malaria. Wengine hawakuwahi.

Msafiri wa Manyoni
Ushauri wangu: usimtazame machoni na usimwite jina. Ukimwita jina kile kilichomo ndani kinalijua.

Chilonwa kwetu
Sisi tumefundishwa kinyume. Mwite jina, tena la utotoni, lile alilopewa na bibi yake. Na chumvi ya mawe kizingitini.

Fundi Dishi
Nirudi angani kidogo maana uzi ulianzia huko. Wenzetu wanaorusha watu hilo wamelifikiria kweli. Mwaka 2007 waandishi walipata taratibu za NASA, shirika la anga la Marekani, za mwanaanga akirukwa na akili akiwa kwenye kile kituo kinachozunguka dunia, kilomita 400 hivi juu. Wenzake wamfunge mikono na miguu kwa utepe wa gundi, wamfunge na kamba za mpira, wamchome sindano ya kumtuliza. Lakini imeandikwa pia: ongea naye wakati unamfunga, mweleze unachofanya, na kwamba unamfunga ili awe salama. Nimelikumbuka hilo niliposoma habari ya Mama Wawili. Kule hakuna jirani wa kuvunja mlango. Nje ya mlango hakuna hewa.

Mstaafu wa Ipagala
Habari za utekaji zimenikumbusha Februari 1982, ndege yetu Boeing 737 ilipotekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Nairobi, Jeddah, Athens, mpaka Stansted kule Uingereza. Watekaji walitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Tulikaa na redio kijiji kizima, watu hawaendi shamba. Mwishowe walijisalimisha, na Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa uhamishoni kule, aliitwa akazungumza nao. Hao hawakupandwa na kitu, walikuwa vijana wenye dai lao. Naleta tu kwa sababu hilo nalo lilimalizwa kwa maneno, baada ya siku mbili.

Chilonwa kwetu
Mzee ahsante, lakini dada wa Irangi yuko wapi? Mafuta ya taa yapo sakafuni jamani!

Binti Irangi
Nimerudi. Nilikuwa namlaza mtoto.

Nje kengele ilipigwa, yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mkwaju, shule nzima ikaja. Mlinzi akaleta shoka. Mwenye dumu akawasha njiti moja, akaiacha iungue mpaka kwenye vidole, wala hakushtuka. Mlinzi akaweka shoka chini. Wakaitwa mchungaji na shehe wa pale kijijini, wakaanza kubishana dirishani nani aanze, sisi ndani tunawasikia. Naomba mniwie radhi, lakini usiku ule kubishana kwao kulitutisha kuliko ile njiti.

Wale watatu walijibu maswali yote. Wakasema wao ni watu waliozikwa pale zamani, choo kipya kimechimbwa juu yao, wana kiu, wanataka mifupa yao itolewe ikazikwe kunakostahili. Mzee wa Nkuhungu, wale wa kwenye tamthilia yako nao walidai nini?

Kisha akaja madam, mkuu wetu wa shule. Mwanamke mfupi, mkali, tulikuwa tunamkimbia. Akasimama dirishani akasema, "Nimesikia. Wa kidato cha kwanza watoke wote, mimi naingia." Wakanong'onezana. Wakasogeza tranka moja, mlango ukafunguka upana wa mtu, wadogo wakapita mmoja mmoja. Nilihesabu kumi na tisa. Madam akavua viatu akaingia, mlango ukafungwa. Kumbe alivua kwa sababu ya mafuta sakafuni, asiteleze.

Akakaa juu ya tranka. Hakuomba, hakukemea. Akamwambia binamu yangu, "Mgeni, karibu. Nimekusikia, habari ya choo nitaishughulikia. Sasa naomba nizungumze na mwenye nyumba." Akajibiwa mwenye nyumba hayupo. Akasema, "Nitamsubiri." Akasubiri kweli. Hakuna aliyezungumza. Sijui ni saa moja au mbili. Kila mara anarudia kwa upole, "Mwenye nyumba akiamka nipo hapa."

Ikafika mahali binamu yangu akaanza kutetemeka mabega, na sauti yake mwenyewe ikatoka, nyembamba, ya mtoto. Akasema, "Madam, msinirudishe nyumbani Desemba." Mahari ilikuwa imeshapokelewa. Barua aliipata wiki mbili nyuma na hakuniambia, mimi ninayelala chini yake. Wale wawili walikuwa wanajua.

Kibiriti alikitoa mwenyewe.

Mama Wawili
Nimelia.

Mpenda Ushahidi
Mnaona sasa? Hakukuwa na jini.

Ustadhi wa Kondoa
Mpenda Ushahidi, leo niachie. Msome dada tena, taratibu.

Mzee wa Nkuhungu
Marahaba Binti Irangi. Nimesoma mara mbili. Ulichouliza: ndiyo, wale walidai ni roho za mabaharia wa chombo kilichopotea miaka 200 nyuma, wanataka mifupa yao ikazikwe kwao. Ulikuwa uongo. Walikuwa wafungwa, walitupwa kwenye ule mwezi miaka 500, roho zimetenganishwa na miili, wanatafuta pa kutokea. Na nahodha wao alifanya kama madam wenu, alijitoa aingie ili majeruhi watoke.

Binamu yako yuko wapi leo?

Binti Irangi
Yupo, mzee wangu. Madam alikwenda mwenyewe mpaka Kondoa, na mjomba wetu akarudisha ng'ombe. Siyo kirahisi, wapo ndugu hawasalimiani naye mpaka leo. Sasa anafundisha Hisabati shule ya bweni. Choo nacho kilihamishwa, madam alikuwa ameahidi.

Na wewe je? Hujatuambia nini kilimrudisha kaka yako.

Mzee wa Nkuhungu
Mama. Alirudi mnadani jioni, akaambiwa. Hakuja mbio. Alienda jikoni kwanza, tukamsikia anasonga ugali. Akaja nao mpaka mlangoni na mlenda, akaketi mbele ya kaka, akanawa, akaanza kula. Akamwambia kwa Kigogo ale, unapoa. Panga lilibaki mapajani, mkono wa kulia ukaenda kwenye sahani. Sisi tukapita nyuma yake tukatoka.

Kaka yuko Bahi bado, analima majaruba yale yale. Kesho nitampigia. Miaka yote hii sijawahi kumuuliza yeye alikuwa anaona nini pale mlangoni, au ni nini alichokuwa anatuzuia tusikutane nacho huko nje.